WRX ilikuwa inakwenda kilomita 9.4 kwa lita, sasa ni 7.2 na taa ya injini haiwaki

Bokseri_Nyekundu:

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu, maana ukileta tatizo nusu unapata jibu nusu.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2006, injini ya EJ255, lita 2.5. Limeshaguswa sana. Turbo ni VF39 iliyotoka kwenye STI (toleo la WRX lenye nguvu zaidi), intakula ya juu, yaani kipozeo cha hewa ya turbo, ni ya STI pia, eksozi ni inchi 3 kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, chujio la hewa ni la wazi na mrija wake, nozeli za petroli ni kubwa kuliko za kiwandani, na tuni (mpangilio wa kompyuta ya injini) imepangwa juu ya dyno, mashine ya kupimia nguvu, kwa vifaa hivyo hivyo. Masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi yapo, sikuyatoa. Valvu ya kupumulia turbo inarudisha hewa ndani ya mrija, haiitupi nje.

Kwa hali hiyo nimeendesha zaidi ya mwaka. Kila nikijaza tangi naandika kwenye daftari: kilomita, lita, na kama safari ilikuwa ya mjini au ya barabara kuu. Wastani wangu wa barabara kuu ulikuwa kilomita 9.4 kwa lita. Kwa gari la aina hii nilikuwa nimeridhika.

Kisha nikafanya kazi mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ni taiming belti, na kwa kuwa injini ilishafunguliwa mbele, nikabadilisha pampu ya maji, themostati, na rejeta nikaweka ya aluminiamu. Ya pili ni breki za mbele: nilipata kalipa (vibanio vya pedi za breki) za STI zilizokarabatiwa na kupakwa rangi upya. Rimu zangu za inchi 17 zikagoma kuzipita kalipa hizo, nikahamia inchi 18. Tairi zilikuwa 215/45R17, sasa ni 235/40R18.

Tangu hapo ni majonzi. Tangi la mwisho: kilomita 345 kwa lita 47.9, yaani 7.2. Nimejaza mara tatu, pampu ile ile, nikiacha inapojikata yenyewe, na jibu halitofautiani. Nyuma bomba lina masizi meusi ambayo hayakuwepo, na asubuhi nanusa petroli. Nguvu ipo, turbo inajaza vizuri, injini haimisi, na taa ya injini haiwaki.

Namba za skana nikiwa barabara kuu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gia ya tano: maji nyuzi 69 hadi 73. Trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroboksi (kompyuta ya injini) inaongeza au kupunguza: ile ndefu, ya wastani wa muda mrefu, +3. Trimu fupi, ya papo kwa papo, 0.0, imetulia kabisa, haichezi hata kidogo, kwa hiyo angalau hapo najua kontroboksi haina lalamiko. Geji yangu ya mchanganyiko wa hewa na petroli inasoma 13.4 mpaka 13.7.

Nimeshabadilisha plagi na chujio, nimesafisha sensa ya hewa, nimemwaga dawa ya nozeli kwenye tangi. Hakuna kilichobadilika. Kila ninayemuuliza ananiambia nirudie tuni. Kabla sijafanya hivyo, kuna mtu anaona kitu ambacho mimi sikioni?

Spana_14:

Pole mkuu. Kilichonijia kwanza ni ile valvu ya pumzi, maana ikitoa hewa nje, sensa inakuwa imeshaihesabu hewa hiyo na petroli yake inamwagwa bure kila unapobadilisha gia. Lakini umesema inarudisha ndani, basi. Angalia mipira yote kati ya sensa ya hewa na turbo. Kama walifungua mbele ya injini, inawezekana klipu mojawapo haikurudi sawasawa. Ukikuta iko salama, mimi ningerudia tuni.

Lambda_Moja:

Kaka Bokseri, tafadhali usiguse tuni. Tuni hiyo hiyo ilikupa 9.4 kwa mwaka mzima, na nozeli hizo hizo. Jibu umeliandika mwenyewe, ila umelipita ukidhani ni habari njema.

Rudi kwenye trimu fupi. Umesema imetulia kwenye 0.0. Mimi napanga injini kila siku, na naomba uniamini kwa hili: trimu fupi iliyo hai haitulii. Sensa ya oksijeni ya mbele inanusa moshi, inasema petroli imepungua, kontroboksi inaongeza. Inanusa tena, imezidi, kontroboksi inapunguza. Ukiitazama kwenye skana ni kama sindano ya cherehani, juu chini, juu chini, bila kupumzika. Ikiganda kwenye sifuri barabara nzima, maana yake ni kwamba hakuna anayeisikiliza sensa. Kontroboksi yako inaendesha kwa kukariri.

Hali ile ya kusikiliza sensa naiita mzunguko funge. Ndani yake kontroboksi inashikilia sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, ndiyo lambda 1.00. Hata nozeli zikiwa kubwa, hata sensa ya hewa ikipotoka kidogo, trimu inasawazisha. Ndiyo maana watu wanaobadilisha nozeli na sensa ya hewa wakitafuta ulaji mzuri wa mafuta mara nyingi wanarudi na namba zile zile. Gari lililokuwa likila vizuri likaharibika ghafla, mimi hujiuliza: limetoka kwenye mzunguko funge? Sensa inadanganywa? Injini inasukuma mzigo mkubwa kuliko zamani? Au kilomita zenyewe ndizo zimebadilika?

La sensa kudanganywa nimeliondoa tayari. Gasketi ya eksozi ikivuja kabla ya sensa, kati ya pigo moja la moshi na lingine bomba linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, na kontroboksi inamwaga petroli isiyohitajika. Hali hiyo ingepandisha trimu zako hadi +10 au +15. Zako hazijapanda.

Sasa tazama maji. Nyuzi 69 hadi 73 ukiwa kilomita 100 kwa saa ni injini ambayo haijaamka. Themostati ya asili ya injini hii huanza kufunguka karibu na nyuzi 78, na injini ikishapata joto lake inakaa juu ya 80. Sindano ya dashibodi isikutulize, imetengenezwa isihangaike. Ndani ya kontroboksi kuna jedwali linaloamua sensa ianze kusikilizwa maji yakifika joto gani, na aliyekupangia tuni anaweza kukuambia aliweka ngapi. Isitoshe, maji yakiwa ya baridi, kila unapokanyaga mafuta kontroboksi inaongeza petroli ya ziada, na oili nayo inabaki nzito.

Huhitaji kukisia. Kwenye skana ya OBD2 tafuta mstari wa hali ya mfumo wa mafuta. Unasema waziwazi kama mzunguko ni funge, au ni wazi kwa sababu ya mzigo, au ni wazi kwa sababu injini haijapata joto la kutosha. Soma ukiwa na mwendo, baada ya dakika 20 za barabara kuu, kisha utuandikie.

Lakini nakuomba pia usishangilie mapema. Gawanya 14.7 kwa 13.5 unapata 1.09. Yaani mchanganyiko huo peke yake unakuongezea asilimia 9 tu. Wewe umetoka lita 10.6 kwa kilomita 100 hadi lita 13.9, ni ongezeko la asilimia 31. Tairi mpya zinaeleza kidogo: 215/45R17 ina kipenyo cha milimita 625, 235/40R18 ina 645. Gari linakwenda mbali zaidi ya inavyosoma dashibodi, kama asilimia 3. Toa hizo zote, bado asilimia 16 hivi haina mwenyewe. Kuna kitu kinalivuta gari lako nyuma, na mimi ningeanza na hizo breki.

Mzee_wa_Grisi:

Dada hapo juu amesema vizuri, namuunga mkono. Kijana wangu, breki iliyobana haipigi kelele. Unaizoea, mguu unaongeza mafuta taratibu, na gari unaliona ni zima.

Fanya hivi. Endesha dakika 20, kisha tafuta sehemu tambarare uliache gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki. Hilo ni la lazima, ukikanyaga umeharibu kipimo. Shuka, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski. Kama una kipimajoto cha kuelekeza, bora zaidi. Gurudumu linalobana utalijua kabla hujalifikia.

Ukilipata, nyanyua, zungusha kwa mkono. Muombe mtu akanyage breki na kuachia, zungusha tena. Likiwa zito, fungua nipo ya kutolea upepo kidogo sana. Gurudumu likilegea hapo hapo, tatizo ni shinikizo lililonaswa, tazama mpira wa breki, huwa unavimba ndani na kugeuka valvu. Lisipolegea, acha kuhangaika na majimaji, kitu kimekwama kwa chuma.

Na umesema kalipa zimepakwa rangi. Hizo za STI hazitelezi kwenye pini, zina pistoni pande zote mbili. Kinachoirudisha pistoni ni ule mpira wa mraba uliomo ndani yake. Ukikanyaga unajikunja, ukiachia unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa unywele mmoja. Unywele mmoja tu! Pedi ikiwa imebanwa mahali inapokaa, unywele huo haitaupata.

Bokseri_Nyekundu:

Shikamoo mzee. Na dada Lambda, asante kutoka moyoni, nimesoma jibu lako mara tatu.

Nimetoka barabarani jana jioni. Skana, baada ya dakika 25 za mwendo: mzunguko wazi, joto halitoshi. Nilisimamisha gari pembeni nikabaki naitazama ile mistari. Kumbe mwezi mzima ile sifuri niliyokuwa naifurahia ilikuwa inanila. Nimemwandikia aliyenipangia tuni, amefungua faili: sensa inaanza kusikilizwa maji yakifika nyuzi 75. Mimi sijawahi kupita 73 tangu themostati mpya iingie.

Kuhusu kilomita, nimewasha simu ipime njia. Simu iliposema 50, dashibodi ilisema 48.5.

Halafu breki. Niliacha gari lisimame lenyewe kama alivyosema mzee. Diski ya mbele kulia nyuzi 71. Mbele kushoto 148. Za nyuma zote mbili zilikuwa za kawaida. Nilirudia kipimo nikidhani nimeelekeza vibaya, ikaja 145.

Leo asubuhi nimenyanyua kushoto. Ukizungusha kwa mkono linapiga nusu duara na kusimama. Nimefungua nipo, likatoka tone moja la majimaji, gurudumu likabaki zito vile vile. Nimevuta pini ili pedi zitoke, hazikutoka. Ya ndani nimeigonga kwa nyundo na kipande cha ubao, ikaja kwa kulia kama msumari unaong'olewa.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Pale pedi inapokalia ndani ya kalipa, zile kuta mbili ndogo, rangi nyekundu imejaa nene kama kucha. Aliyezipaka hakuziziba sehemu hizo, amepulizia kila mahali. Na juu ya rangi kuna alama ya ukingo wa pedi imejichora, imechimba kabisa, unaweza kuihisi kwa ukucha. Pedi ilikuwa inaingia kwa nguvu na haina njia ya kurudi. Uso wa diski upande wa ndani umepata rangi ya bluu.

Nimekwangua kwa tupa laini mpaka chuma kikaonekana. Niliona huruma kuiharibu rangi nzuri kama ile, lakini hapo haikupaswa kuwepo. Sasa pedi inaingia na kutoka kwa kusukuma kwa kidole kimoja.

Themostati nimeagiza ya asili. Ikija nitaandika.

Lambda_Moja:

Safi sana kaka, na umepima kwa mpangilio mzuri. Diski iliyobadilika rangi ipime unene na ukague kama imepinda kabla hujaiamini kwa mwendo mkubwa. Majimaji ya breki upande huo yamepikwa, yatoe yote na uweke mapya.

Ukiweka themostati hakikisha umetoa hewa yote kwenye mfumo wa maji. Injini hizi zimelala na hewa inajificha, jaza taratibu huku pua ya gari ikiwa juu kidogo.

Jambo moja zaidi. Usimwombe mtu wa tuni ashushe ile 75 ili ifanane na themostati mbovu. Wapo wanaofanya hivyo, na namba ya skana inapendeza kweli, lakini injini inabaki baridi, oili haichemki vya kutosha kufukuza maji na petroli iliyochanganyika nayo. Na ukiwa umekwenda mwezi mzima na mchanganyiko mzito, badilisha oili sasa. Ivute tu kijiti uinuse, utanielewa.

Spana_14:

Nimejifunza. Nilikuwa wa kwanza kusema tuni, na ningekutia hasara. Swali kwa dada: kwa nini taa ya injini haikuwaka muda wote huo?

Lambda_Moja:

Kontroboksi ina msimbo wa themostati, P0128, unaojitokeza injini ikichelewa kufika joto linalotakiwa. Lakini kwenye magari mengi yaliyotuniwa misimbo kadhaa huwa imezimwa, na hata ikiwa hai, kila gari lina kiwango chake cha joto, ukikaa juu yake kidogo tu taa inanyamaza. Taa ina kazi yake. Ila kwa ulaji wa mafuta, mimi naiamini zaidi trimu na joto la maji.

Bokseri_Nyekundu:

Wakuu, nimerudi na majibu.

Oili niliivuta nikanusa. Petroli tupu. Nimeimwaga.

Themostati ya asili imefika, na nimeziweka mbili mezani sambamba. Ile iliyokuwemo ni ndogo, springi yake nyembamba, na ukingoni imechapwa 68. Aliyeifunga hakuniambia kitu, na mimi sikuuliza. Ya asili ina mwili mpana zaidi na imechapwa 78. Nimeifunga mwenyewe, nimetoa hewa pua ikiwa juu, imechukua karibu saa nzima mpaka mapovu yakaisha.

Barabara kuu, kilomita 100 kwa saa, gia ya tano: maji nyuzi 86 hadi 91. Hali ya mafuta: mzunguko funge. Na trimu fupi, dada Lambda, inacheza! Kati ya -3 na +4, haikai mahali pamoja, ni cherehani kweli. Geji inasoma 14.6, 14.8, 14.7.

Diski ya kushoto ilikuwa imepinda, nimebadilisha zote mbili za mbele. Majimaji mapya. Joto baada ya safari: kushoto 69, kulia 66.

Tangi la kwanza kamili: dashibodi kilomita 388, lita 42.9. Ni 9.04. Nikirekebisha kwa tairi ni kilomita 400, yaani 9.32. Nimeongeza safu mpya kwenye daftari, kilomita za dashibodi na kilomita halisi, ili nisijichanganye tena. Masizi kwenye bomba nimeyafuta kwa kitambaa nione kama yatarudi. Mpaka leo bomba ni la kijivu.

Mzee_wa_Grisi:

Vizuri sana kijana wangu. Je, kalipa ya kulia uliifungua? Aliyepaka ni yule yule.

Bokseri_Nyekundu:

Nimeifungua leo mzee, baada ya kusoma hapa. Rangi ipo pande zote mbili, nyembamba kidogo kuliko ya kushoto. Pedi ilikuwa inatoka, ila kwa kusukuma na bisibisi. Nimeikwangua nayo.